Kusafiri: Kitenzi Kilichofika Arua kwa Miguu

Kitenzi kusafiri kina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ni sini, fa na ra, na ndio uliozaa safar, mwendo wa mbali, na musafir, mwenye kuushika mwendo huo. Mzizi huohuo una maana ya kufunua, na watunzi wa kale wa kamusi za Kiarabu waliunganisha maana hizo mbili kwa kusema kwamba safari hufunua tabia ya mtu.

Katika Kiswahili kitenzi hiki hakikumeza kwenda. Mtu huenda sokoni, huenda kisimani. Kusafiri kunataka umbali, mzigo na kulala njiani. Safari ikapata hata maana ya mara, kama katika "safari hii". Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na kitenzi cha namna hiyo, faran, kushika njia. Leo kimebaki hasa katika fare, yaani nauli, na nauli yenyewe ni neno la baharini: Kiarabu kililipata kwa Wayunani, kwa maana ya malipo ya chombo.

Kingo za magharibi za Nile, huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda ya leo, zilikuwa na vitenzi vyake. Mlugbara husema mu kwa kwenda na emu kwa kuja; Mnubi husema rua na ja, vya Kiarabu cha askari wa Sudan. Mwaka 1894 eneo hili liliingia katika Lado, nchi aliyopewa Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alifariki Desemba 1909, na mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi Rhino Camp kuwinda vifaru weupe. Neno safari lilikuwa limeshaingia katika Kiingereza kupitia maandishi ya Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, na msafara wa Roosevelt ulilieneza zaidi. Wapagazi waliobeba mizigo ya msafara huo wanastahili kutajwa kabla ya wenye bunduki, kwani safari ilikuwa mabegani mwao.

Eneo hili, West Nile, liliunganishwa na Uganda mwaka 1914, Arua ikiwa makao ya utawala. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na vijana wa Koboko na Arua walijifunza lugha hiyo kambini kupitia amri. Wengine walishuka kusini kukata miwa Lugazi na Kakira. Njia ilipita mtoni: meli kutoka Rhino Camp na Pakwach hadi Butiaba, kisha nchi kavu. Huko ndiko kusafiri kulikopata uzito wake kwa watu wa hapa: kuondoka na kifurushi, kufanya kazi ya mkataba, kurudi na baiskeli au mabati.

Maana hiyo ya kurudi ndiyo inayokitenga kitenzi hiki na kingine cha karibu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan. Hao walikimbia, hawakusafiri. Waliporejea miaka ya 1980, baadhi walipita njia ya Koboko, ambayo leo ni lami kutoka Vurra, mpakani mwa Congo, kupitia Arua hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Arua hadi Koboko sasa ni mwendo wa asubuhi moja, na anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo husema tu kwamba alikwenda Koboko.