Kabla ya nasari palikuwa na chuo: Funzo la Liwatoni kuhusu lugha ya mtoto

Neno chuo limesafiri mbali katika Kiswahili. Katika tungo kongwe za pwani, chuo ni kitabu, na ndiyo maana Utenzi wa Tambuka hujulikana pia kama Chuo cha Herkali. Baadaye maana ikahama kutoka kitabu hadi mahali kinaposomewa. Hadi leo, Mombasa, mtoto anayekwenda chuoni huenda ana miaka minne tu, na anakokwenda ni kwa mwalimu wake wa Kurani mtaani. Neno hilohilo limetupa mwanachuoni, kisha chuo kikuu.

Ninaanza na neno hili kwa sababu wapo wanaoamini kwamba malezi ya kielimu ya watoto wadogo yalitushukia melini pamoja na neno nasari. Sivyo. Mitaa ya Mji wa Kale kama Kibokoni ilikuwa na vyuo kabla ya Mwingereza kuweka dawati lake la kwanza. Mtoto alijifunza herufi za Kiarabu, akahifadhi sura fupi, akafunzwa adabu ya kusikiliza na kungoja zamu. Maelezo aliyapata kwa Kimvita, lugha aliyotoka nayo nyumbani.

Jioni aliendelea kusoma bila kujua kwamba anasoma. Tazama mchezo wa mdako: mtoto arusha kijiwe juu, akomba vingine shimoni, kisha adaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka. Hapo anahesabu, anakadiria na kuuzoeza mkono kulifuata jicho. Akiingia ndani, bibi humtegea vitendawili. Wataalamu huziita hizo stadi za awali. Wazee wetu waliuita mchezo, na hawakukosea.

Tatizo lilizuka pale shule ya msingi ilipozidi kumtaka mtoto aliyekwisha kupitia nasari. Nasari ilidai karo, na mara nyingi ilidai Kiingereza. Chuo kilikuwa karibu na nyumbani, lakini hakikumwandaa mtoto kwa hesabu na herufi za Kirumi. Mzazi akabaki njia panda: dini na lugha ya nyumbani upande huu, shule upande ule.

Mapema katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani walimweleza Aga Khan wasiwasi wao kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma kielimu. Wakfu wa Aga Khan ukaitikia, na kazi ikakabidhiwa mwalimu mzoefu, Bi Swafiya Said. Mnamo 1986 shule ya kwanza ilifunguliwa katika madrasa ya Liwatoni, upande wa Kilindini, karibu na pale lilipokuja kujengwa daraja la kuelea.

Mpango huo haukukiondoa chuo ili kuleta nasari, bali uliviweka chini ya paa moja. Mbinu za HighScope kutoka Marekani, zinazomtaka mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha akieleze, zilichukuliwa na kuvishwa kanzu ya hapa. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu na vizibo vya chupa. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, waliopewa mafunzo, na shule zilisimamiwa na kamati za wazazi. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Je, ulifaulu? Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha watoto wa nchi hizo. Waliopitia shule ya awali ya aina yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa Madrasa wakaongoza.

Mimi, kama mtu wa lugha, ninavutiwa hasa na hatua ile ya tatu: kueleza. Mtoto aliyejenga nyumba kwa vifuu huulizwa, 'Umefanya nini? Kwa nini ikaanguka?' Hawezi kujibu swali la 'kwa nini' kwa lugha asiyoimiliki. Atakariri rangi kumi na nyimbo tano za Kiingereza, wageni wapige makofi, lakini fikra yake itabaki imefungwa mdomoni.

Haya si mambo yaliyopita. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Hata hivyo, pitia mabango ya nasari nyingi za kibinafsi kisiwani uone kinachonadiwa: Kiingereza tangu siku ya kwanza! Na mtoto wa Kibokoni hukosolewa mara mbili. Akisema 'ndia', 'ndaa' na 'mato', kwanza huambiwa aseme 'njia', 'njaa' na 'macho', kisha huambiwa aache yote hayo. Ajabu ni kwamba mkutano wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa.

Simlaumu mzazi anayetaka Kiingereza. Ndicho lugha ya mitihani na ya kazi, naye anamtakia mwanawe mema. Lakini hoja hapa si kuchagua lugha moja na kutupa nyingine. Hoja ni mpangilio: kipi kitangulie. Liwatoni ilionyesha kwamba mtoto huvuka vyema akiwa na pa kusimama.

Kwa hivyo, kaunti zinapoajiri walimu wa chekechea, ziulize pia kama mwalimu anaifahamu lugha ya mtaa anakopelekwa. Na mtoto akija mbio akisema, 'Mwalimu, nina ndaa', apewe chakula kwanza. 'Njaa' ataijua tu.