MUNGU NA UJAMAA: JIBU LA MTU WA BUTIAMA

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mkana Mungu, na chini yake, kasumba. Mkana Mungu ni mtu asemaye kwamba Mungu hayuko. Neno kasumba tutalieleza mbele kidogo, maana lina kisa chake.

Leo twataka kuona jinsi watu wa dini walivyojibu walipoambiwa kuwa Mungu hayuko. Hili ni somo la historia. Hatukuja kumtoa mtu katika imani yake, wala kumtia.

Tuanzie Butiama. Mwaka 1922 Mtemi Burito wa Wazanaki alipata mtoto wa kiume. Siku ile mvua ilinyesha sana, kwa hiyo mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mnamjua: ndiye Julius Nyerere. Tazameni jina lile linavyosema. Katika boma lile swali halikuwa kama nguvu zisizoonekana ziko au haziko. Swali lilikuwa kwa nini mvua imechelewa. Baadaye, mwaka 1934, mtoto akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, na kutoka hapo akawa anakwenda misheni ya Nyegina kusikiliza mafundisho ya mapadri. Alibatizwa mwaka 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki.

Sasa tusikie hoja zenyewe. Mafundisho ya dini mara nyingi huanza hivi: ukiona nyumba, wajua yuko fundi aliyeijenga, basi dunia hii, na ziwa hili, na nyota, je, havina fundi? Mtu mmoja wa Uskoti, David Hume, aliyefariki mwaka 1776 katika mji wa Edinburgh, aliitilia shaka hoja hiyo. Kwa maneno yetu, alisema hivi: mafundi wa nyumba tumewaona wakijenga, ndiyo maana twajua. Dunia nani aliiona ikijengwa? Tena nyumba ikiwa na nyufa, twamsifu fundi au twamlaumu?

Swali kali hilo. Nyerere mwenyewe alisoma katika mji ule ule wa Edinburgh, toka 1949 hata 1952, na falsafa ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Watu wa dini hujibu kwa hoja iliyo ya zamani kuliko Hume. Ibn Sina, Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, na Thomas wa Aquino, padri aliyefariki mwaka 1274, walifuata njia zinazokaribiana. Fikirini taa iliyotundikwa kwa mnyororo. Pete moja imeshikwa na nyingine, na ile imeshikwa na nyingine tena. Hata pete zikiwa elfu, lazima pawe na msumari darini, ama sivyo taa ingeanguka. Mkana Mungu huuliza: na msumari nao umeshikwa na nini? Mwenye dini husema: huyo asiyeshikwa na kitu ndiye tumwitaye Mungu. Hapo mazungumzo hukwama, nayo yamekwama kwa karne nyingi. Sisi hatutayakwamua kwa dakika kumi na tano.

Lakini hapa kwetu hoja iliyowasumbua watu zaidi haikuhusu msumari. Ilihusu umaskini.

Turudi ubaoni. Kasumba, kwa asili, ni dawa ya kulevya itokayo katika mpopi. Mvutaji hasikii maumivu, wala njaa, wala hasira. Mwaka 1844 Mjerumani Karl Marx aliifananisha dini na dawa hiyo. Alisema maskini hutulizwa nayo, akavumilia dhuluma ya leo kwa kutumaini raha ya kesho. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo tukaliongezea maana: twasema kasumba ya kikoloni, yaani mawazo yaliyopandwa kichwani na mtawala. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kusema hapa kwamba dini ililetwa na Wazungu ili tutawaliwe kwa upole, alikuwa na neno tayari mdomoni.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na nchi ikafuata siasa ya ujamaa. Baadhi ya viongozi wa dini waliingiwa na hofu. Walijua kwamba huko Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917, serikali ilifunga makanisa na misikiti mingi, ikafundisha shuleni kuwa Mungu hayuko. Na kwa upande wa pili, walikuwako watu, hasa wasomi, waliosema kwamba mjamaa wa kweli hawezi kuwa na dini.

Nyerere, aliyekuwa Rais na tena Mkatoliki, aliwajibu wote katika utangulizi wa kitabu chake Uhuru na Ujamaa, mwaka 1968. Alisema ujamaa unahusu jinsi watu wanavyoishi pamoja hapa duniani. Mtu hahojiwi kwanza anamsadiki nani, wala kama anasadiki, ndipo akubaliwe kuwa mjamaa. Mambo ya Mungu ni ya mtu na nafsi yake. Tena akawachoma kidogo wale wafuasi wa Marx: alisema wamevigeuza vitabu vya Marx kuwa kama maandiko matakatifu. Mimi naliona pigo hilo lilifika mahali pake.

Ila hilo lilikuwa jibu la Rais. Jibu la muumini alilitoa Oktoba 1970, huko New York, mbele ya Masista wa Maryknoll. Shirika la Maryknoll si geni kwenu. Mapadri wake walifika Musoma mwaka 1946, na mwaka 1955, Nyerere alipokuwa ameacha ualimu, alimfundisha Kizanaki padri wao mmoja. Basi aliwaambia wazi: ikiwa Kanisa halitashiriki kupambana na mambo yanayowaweka watu katika umaskini, dini itageuka ushirikina wa waoga, na Kanisa litakufa. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo hakukubali kwamba mtu kuishi katika ujinga na unyonge ndiyo mapenzi ya Mungu.

Angalieni alivyofanya. Hakumwambia Marx, umesema uongo. Alikubali kwamba dini yaweza kuwa kasumba, kisha akawageukia wenzake wa dini na kuwadai wathibitishe kwa vitendo kwamba yao sivyo. Je, hiyo yathibitisha kuwa Mungu yuko? Haithibitishi. Mkana Mungu aweza kusema, mimi pia nawalisha wenye njaa, na wema wangu hauhitaji mbingu. Ni haki yake kusema hivyo.

Tena ajibuye kwa vitendo hupimwa kwa vitendo. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi nchini walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengine walihamishwa kwa nguvu, nao wakaacha nyumba na mashamba. Walioteswa na jambo hilo walikuwa na haki ya kuuliza swali lile lile alilolisema Maryknoll.

Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Miaka mitatu kabla, mwaka 1996, zilikuwa zimechapwa tenzi alizozitunga kwa Kiswahili kutoka Injili nne na Matendo ya Mitume. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake, ili Kanisa liamue kama astahili kutangazwa mwenye heri.

Sasa kazi yenu. Jadilianeni: Nyerere alimjibu Marx, ama alimkubali nusu? Asiyesadiki naye apewe nafasi ya kusema. Kisha kila mmoja aandike sentensi tano katika daftari lake. Mwalimu wa darasa asahihishe herufi tu; imani asiiguse.