Kampuni iliyofia Mombasa: IBEA, 1895, na hesabu ya neti-neti

Leo tuweke programu pembeni kidogo, tuzungumze hisa.

Waandishi wa programu wengi hapa kwetu wamewahi kuambiwa na mwajiri: "Nyongeza ya mshahara mwaka huu hakuna, lakini tutakupa hisa." Mtu anaitikia, anatia sahihi, anarudi kwenye kompyuta yake. Je, alichopewa kina thamani gani? Kampuni ya programu haina shamba wala kiwanda. Ina kompyuta chache, mikataba na akili za watu.

Swali hilo lina jibu la kihasibu linaloitwa neti-neti. Na lina mfano mzuri hapa hapa kisiwani: Imperial British East Africa Company, au IBEA, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888 na kuuzwa mwaka 1895. Kompyuta hawakuijua, lakini ukiitazama vizuri utaona ni ndugu wa kampuni zetu.

Neti-neti ni nini?

Mwenye hesabu hii ni Benjamin Graham, aliyezaliwa London mwaka 1894 na kukulia New York. Soko la hisa la Marekani lilipoporomoka, mwaka 1932 aliandika makala katika jarida la Forbes akiuliza kama makampuni ya nchi ile hayakuwa na thamani zaidi yakifa kuliko yakiishi. Alionyesha kwamba karibu theluthi moja ya makampuni ya viwanda katika soko la New York yalikuwa yakiuzwa kwa bei iliyo chini ya mali yake ya haraka, ukishatoa madeni. Yaani ungeweza kununua kampuni nzima, ukaifunga, na bado ukabaki na faida. Mwaka 1934 yeye na David Dodd waliyaweka mambo hayo kwenye kitabu, Security Analysis.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Jifanye kampuni inafungwa leo:

1. Fedha taslimu zihesabu zote.
2. Fedha ambazo wateja wanadaiwa, hesabu kama asilimia 80. Wengine hawatalipa.
3. Bidhaa zilizo ghalani, hesabu kama theluthi mbili.
4. Majengo, mitambo na samani, usivitegemee. Graham alivipa wastani wa asilimia 15 katika hesabu ya kufilisi, na katika neti-neti havihesabiwi kabisa.
5. Sasa toa madeni yote, ya karibu na ya mbali.

Kinachobaki kigawe kwa idadi ya hisa. Graham alipenda kununua kwa theluthi mbili ya kiasi hicho au chini yake, ili apate nafasi ya kukosea bila kuumia. Jina la kampuni, sifa zake, leseni zake na ndoto za mkurugenzi vyote ni sifuri.

Hapo ndipo mtu wa programu anaposhtuka. Kumbe kazi yangu yote ya miaka mitano ni sifuri? Tulia kwanza, twende Mji wa Kale.

Kampuni ya makaratasi

Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Zanzibar aliwapa William Mackinnon na wenzake mkataba wa miaka 50. Mackinnon alikuwa Mskoti mwenye meli, bwana wa kampuni ya British India. Mkataba uliwaruhusu kutawala sehemu ya pwani kwa niaba ya Sultani na kukusanya ushuru wa forodha, naye akapata fungu lake. Septemba 1888 malkia wa Uingereza akaongeza hati ya kifalme. Makao ya kampuni huku yakawa Mombasa, na Leven House, ile nyumba iliyo juu ya Bandari ya Kale, ni moja ya nyumba ilizotumia. Ilipiga hata sarafu zake, rupia na pesa zenye jina la Mombasa na mwaka 1888, na nyingine zina picha ya mizani. Mizani! Kama walijua watapimwa.

Hebu tazama mali yake kwa jicho la Graham.

Kwanza, reli. Mwaka 1890 kampuni ilianza kutandika reli nyembamba kutoka pwani kwenda bara, ikaipa jina kubwa, Central Africa Railway. Iliishia maili kama saba. Baadaye vyuma vyake viling'olewa vikatumika kwenye njia za toroli za kisiwani, zile toroli za abiria zilizosukumwa na watu mbio mbio kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Katika daftari ni reli ya Afrika ya Kati. Siku ya kuuza ni vyuma vya toroli.

Pili, meli. Kampuni iliagiza Scotland meli ya mvuke kwa ajili ya Ziwa Victoria, ikaitwa William Mackinnon, ikatengenezwa vipande vipande ili ibebwe kutoka pwani hadi ziwani. Iliingia majini mwaka 1900, miaka mitano baada ya kampuni yenyewe kwisha. Mtu akikuuliza kwa nini Graham hahesabu mitambo, mtajie meli hiyo.

Tatu, mapato. Tegemeo lilikuwa ushuru wa forodha wa Mombasa na bandari nyingine za pwani. Lakini mwaka 1892 serikali ya Uingereza iliiingiza pwani hii katika eneo la biashara huria la Mkataba wa Berlin, na ushuru wa bidhaa zinazoingia ukapigwa breki. Haki za Sultani katika mkataba zilibaki pale pale. Leo tungesema mwenye jukwaa kabadilisha masharti, na kampuni iliyojenga juu ya jukwaa hilo haina la kufanya.

Nne, matumizi. Lugard alitumwa Uganda, na Uganda ilikula fedha kuliko pwani ilivyoweza kuingiza. Mwaka 1891 wafuasi wa misheni ya CMS huko Uingereza walichanga fedha ili kampuni isiondoke Uganda kwa muda. Machi 1893 uvumilivu ukaisha, kampuni ikatoka, na Aprili mosi Gerald Portal akasimamisha bendera ya Uingereza. Waliokuwepo mwaka 2000 na 2001, dotcom zilipoanguka, wanaijua hadithi hii: kampuni ina jina, ina ramani kubwa ukutani, na kila mwezi fedha zinapungua.

Bei ya mwisho

Sasa sikiliza hesabu, kwa sababu ni mara chache historia hutupa mizania iliyo wazi namna hii.

Mwaka 1895 kampuni ilinunuliwa kwa pauni 250,000. Bei iligawanywa mafungu mawili. Pauni 50,000 zilitoka kwa serikali ya Uingereza, kwa ajili ya mali ya kampuni na hati yake ya kifalme. Pauni 200,000 zilikuwa za kurudisha ule mkataba wa Sultani.

Asilimia 80 ya bei ilikuwa ya karatasi moja.

Mtu wa neti-neti angekataa kununua hisa za IBEA mwaka 1894, na angekuwa na sababu: mali ya haraka haikuwepo ya kutosha. Na kweli wenye hisa hawakupata hata walichoweka. Lakini angekosea kuhusu ile karatasi. Aliipa sifuri, ikauzwa mara nne ya mali nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Kwa nini? Si kwa sababu ilikuwa ikiingiza faida. Ni kwa sababu kulikuwa na mnunuzi aliyeihitaji. Uingereza ilitaka njia ya kwenda Uganda, na njia hiyo ilianzia kwenye pwani iliyofungwa na mkataba ule. Mwaka uliofuata, 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa.

Tena uliza: zile pauni 200,000 zilitoka mfuko wa nani? Zilitoka Zanzibar. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4, karibu pauni 200,000, kwa pwani ambayo leo ni ya Tanzania bara. Fedha hizo ziliwekwa akiba, na mwaka 1895 zikatolewa kuilipa kampuni. Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Kwa hiyo aliyeshauri mlipaji na aliyepokea nchi walikuwa nyumba moja. Pwani ya kusini iliuzwa, na bei yake ikatumika kukomboa pwani ya kaskazini, ambayo papo hapo ikakabidhiwa Uingereza. Julai mosi 1895, hapa Mombasa, utawala ukahama kutoka kampuni kwenda kwa serikali ya Uingereza. Desemba ikakubaliwa kwamba Sultani atalipwa kila mwaka kodi ya pauni 11,000, pamoja na pauni 6,000 ambazo ni asilimia 3 ya zile 200,000. Yaani Zanzibar ilifanywa mkopeshaji bila kuomba. Mambo ya kodi ya ukanda wa maili kumi yalikuja kumalizwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya.

Na kulikuwa na deni ambalo halikuandikwa popote. Mapema 1895 kampuni iliingilia urithi wa uongozi wa Takaungu, ikamuunga mkono Mazrui mmoja dhidi ya mwingine. Vita vikazuka, Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia, na pwani ikawaka hadi Aprili 1896. Kampuni ilikuwa imekwisha kuondoka na hundi yake. Waliolipa ni watu wa vijiji vilivyochomwa, na utawala mpya ulioleta askari kutoka India.

Wazee wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa ningeongeza: na daftari lenyewe halisemi yote.

Turudi kwenye kampuni ya programu

Tuchukue kampuni ya mfano, ya kubuni tu. Iko kisiwani, inauza programu kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini.

Fedha benki: shilingi milioni 30.
Wateja wanadaiwa milioni 20, tunahesabu 16.
Kompyuta na printa za kuuza: milioni 6, tunahesabu 4.
Jumla: milioni 50.

Mkopo wa benki: milioni 8.
Wauzaji na kodi ya serikali: milioni 7.
Wateja waliolipia mwaka mzima mbele: milioni 15.
Jumla ya madeni: milioni 30.

Neti-neti ni milioni 20. Ikiwa hisa ni milioni moja, ni shilingi 20 kwa hisa, na Graham angenunua kwa 13 na senti zake. Sasa yapime majibu kwa mafunzo ya IBEA.

Uganda yako ni ipi? Kampuni ikipoteza milioni 2 kila mwezi, baada ya miezi kumi ile 20 haipo. Neti-neti ni picha ya siku moja, usiichukue kama ahadi.

Takaungu yako ni ipi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mfanyakazi anayepunguzwa kazini alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Ukifunga kampuni yenye wafanyakazi wa miaka mingi, deni hilo linazuka siku hiyo hiyo, na katika mizania ya jana hulioni.

Karatasi yako ni ipi? Zile milioni 15 zilizolipwa mbele ni deni kwa mhasibu, lakini kumhudumia mteja kunaweza kugharimu sehemu ndogo tu ya hizo. Na programu ambayo mawakala hawawezi kufanya kazi bila hiyo ni kama mkataba wa Barghash: sifuri kwa Graham, mamilioni kwa anayetaka kupita njia hiyo. Katika soko la Nairobi mfano wa karibu ni AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyouza hisa kwa shilingi 10 mwaka 2007, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Dimension Data kwa shilingi 14 kila hisa. Mnunuzi wa namna hiyo hafuati nyaya na mitambo tu, anafuata wateja waliokwisha kuunganishwa.

Kwa hiyo ukipewa hisa badala ya mshahara, anza na neti-neti. Hiyo ndiyo sakafu yako, siku mambo yakiharibika. Kisha uliza maswali mawili ambayo Graham hakuyaweka kwenye hesabu yake: nani anaihitaji karatasi hii, na atailipa kwa fedha za nani? Kama jibu la swali la pili ni fedha zako mwenyewe, yaani mshahara uliokatwa, basi umekaa kwenye kiti cha Zanzibar ya 1895. Omba kuiona mizania kabla ya kutia sahihi.