Albamu ya Mtu Mmoja, Masikio ya Bendi Nyingine

Tarehe 7 Oktoba 2000, baada ya onyesho la Mountain View, California, bendi ya Phish ilikwenda mapumziko bila kusema itarudi lini. Kwa mashabiki wake huo ulikuwa karibu msiba. Walikuwa wamezoea kuifuata bendi mji kwa mji, na sasa hakukuwa na pa kwenda.

Phish ni bendi ya Vermont, iliyoanza mwaka 1983. Ni ya ukoo ule wa Grateful Dead, bendi za jam, ambazo wimbo wa dakika nne unaweza kuvutwa jukwaani hadi dakika ishirini, na hakuna anayejua utaishia wapi. Bendi hizi ziliruhusu watu waje na mashine za kurekodi, na kanda zikapita mkono kwa mkono. Hapo ndipo alipozaliwa msikilizaji wa aina yake: karani na hakimu kwa pamoja. Anajua wimbo fulani ulipigwa usiku gani, na usiku upi ulipigwa vizuri zaidi. Albamu ya studio, kwake, ni kama picha ya pasipoti. Sura ni ile ile, ila mtu mwenyewe hayupo.

Sasa fikiria msikilizaji huyo, mwaka 2002, bado yuko kwenye kungoja. Kila mwanamuziki wa Phish amejishughulisha kivyake. Mpiga kinanda, Page McConnell, mtu mpole aliyejiunga na bendi mwaka 1985, anatoa albamu na kundi jipya la watu watatu. Kundi linaitwa Vida Blue, na albamu nayo Vida Blue. Besi anapiga Oteil Burbridge wa Allman Brothers Band. Ngoma anapiga Russell Batiste Jr. wa New Orleans, aliyekuwa akiipigia The Funky Meters. Gitaa hakuna.

Maoni yakagawanyika. Wapo waliofurahi kusikia kinanda kimepata nafasi, baada ya miaka ya kukaa nyuma ya gitaa la Trey Anastasio. Wapo waliosema nyimbo ni nyepesi na sauti ya McConnell haina ubavu wa kubeba albamu nzima. Na wapo, nadhani ndio wengi, waliokuwa wakingoja kitu ambacho hakikuja: ile safari ndefu, ule mlipuko. Walisikia mdundo unazunguka, unazunguka, wakauliza, sasa unaanza lini?

Kusema kweli, kundi la pili lina hoja. Kuna mahali kwenye albamu hiyo wimbo unatafuta maneno na haupati. Lakini swali la kundi la tatu ndilo linalonivutia, kwa sababu lina historia ndani yake.

Mashabiki wa Phish hawakuwa wageni wa fanki. Usiku wa Halloween wa mwaka 1996, kule Atlanta, bendi ilipiga albamu nzima ya Talking Heads, Remain in Light, kazi ya mwaka 1980 ambayo midundo yake inadaiwa sana na Fela Kuti wa Nigeria. Baada ya hapo Phish ilibadilika. Mwaka 1997 ulijaa fanki, nzito na ya taratibu, na hadi leo kanda za mwaka huo zinatajwa kwa heshima. Ila fanki ya Phish ilikuwa barabara. Ulipita humo ukielekea mahali pengine, na raha ilikuwa kutojua ni wapi.

Fanki ya New Orleans ni nyumba. The Meters, waliouweka msingi wake tangu miaka ya 1960, hawakuhitaji kufika popote. Mdundo wenyewe ndio habari: ngoma inachelewa kidogo, besi inajibu, kinanda kinachomeka neno moja na kunyamaza. Batiste alilelewa katika ukoo wa wanamuziki ndani ya mji huo. Anayemsikiliza huku akingoja mlipuko ni sawa na mtu aliyekaribishwa chakula, akala huku ameshika begi mkononi, akidhani kituo chake bado.

Hata jina la kundi lina kisa. Vida Blue alikuwa mchezaji wa besiboli, mrushaji mpira wa Oakland, aliyetikisa Marekani mwaka 1971. Mmiliki wa timu, Charlie Finley, alitaka ajiite True Blue ili biashara inoge. Kijana akakataa. Vida lilikuwa jina la baba yake. Sijui kama McConnell alilichagua kwa sababu hiyo, ila lilimfaa. Naye alikuwa na watu waliompenda, lakini kwa jina walilotaka wao.

Phish ilirudi tarehe 31 Desemba 2002, Madison Square Garden, na Vida Blue ikasogezwa pembeni. Mwaka 2003 ikatoa albamu ya pili pamoja na Spam Allstars wa Miami, na mwaka 2019 nyingine tena. Wimbo mmoja wa albamu ile ya kwanza, Most Events Aren't Planned, ulikuja baadaye kupigwa na Phish yenyewe, mbele ya umati uliopiga kelele za furaha. Wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni jina la waliokuwa jukwaani.

Vida Blue mwenyewe alifariki mwaka 2023. Russell Batiste akafuata mwaka huo huo. Ukiiweka albamu ile leo, anza na ngoma. Mwache Batiste aongoze, na usimngojee mtu mwingine aingie.