Historia ya Mafuta ya Mbarika na Matumizi Yake Nyumbani

Mti tunaotaka kuuzungumzia katika makala haya una majina mengi. Baadhi yetu twauita mbarika, wengine huuita mbono, na kwa watu wengi ni mnyonyo, na mbegu zake ni nyonyo. Wakikuyu wa Kenya huuita mbariki, jina ambalo halikuachana mbali na letu. Majani yake yamekatika kama kiganja chenye vidole vilivyokunjuliwa, tunda lake lina miiba laini, na mbegu zake zina madoadoa mfano wa kupe aliyeshiba. Warumi nao waliliona jambo hilo hilo, kwani katika lugha yao *ricinus* ni kupe, na mtaalamu Linnaeus alipoziandika mimea za dunia mwaka 1753 aliuita mti huu *Ricinus communis*.

Hapana budi kuonya mapema kwamba katika majina hayo limo moja lenye hatari. Mbono kaburi si mbarika. Ni mti mwingine, wa ukoo mmoja kwa mbali, ulioletwa kutoka Amerika, na watu huupanda kuwa ua wa shamba au alama ya kaburi. Tunda lake halina miiba na mbegu zake ni nyeusi. Mafuta yake hufaa kwa taa na kwa sabuni, lakini hayanyweki. Kwa hiyo mtu anayemtuma mtoto kwa jirani akaombe "mafuta ya mbono", pasipo kusema mbono gani, anacheza na tumbo la mgonjwa wake.

Yako mawazo kwamba mafuta haya yaliletwa kwetu na Wazungu ndani ya chupa. Mawazo hayo si ya kweli. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kuwa asili ya mbarika ni upande huu wa mashariki ya Afrika, hasa nchi ya Uhabeshi na jirani zake. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba katika pango la Border Cave, huko Afrika Kusini, palipatikana kijiti chenye umri wa miaka kama 24,000 ambacho kilikuwa na mabaki ya asidi za mbarika. Wao walidhani kilitumika kupakia sumu kwenye ncha za mishale. Ikiwa ndivyo, basi Mwafrika aliijua sumu ya mbarika zamani sana.

Wamisri waliijua dawa. Maandishi yao ya tiba yaitwayo Ebers, ya yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanautaja mti huu. Myunani Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema kwamba Wamisri waliokaa penye mabwawa waliupanda kando ya mito na maziwa, na mafuta yake wakayaita kiki. Aeleza njia mbili za kuyapata: wengine waliziponda mbegu na kuzikamua, na wengine walizikaanga kisha wakazichemsha. Mafuta hayo, asema, yalifaa taani kama mafuta ya zeituni, ila harufu yake ilikuwa mbaya. Msomaji aliyewahi kuyanusa hatambishia.

Njia ile ya pili ndiyo iliyokaa kwetu, na hapo ndipo tunapopenda kutua kidogo. Mama au bibi aliyekusudia kupika mafuta alizianika nyonyo juani hata maganda yakapasuka yenyewe. Alizikaanga kavu katika chungu, akazitwanga kinuni mpaka zikawa uji mzito mweusi, kisha akautia uji huo katika maji mengi na kuuchemsha kwa muda mrefu. Mafuta yalipopanda juu aliyaengua kwa kata, akayachemsha mara nyingine ili maji yaliyobaki yakauke. Kazi hii yaweza kumaliza siku nzima, na kuni si haba.

Kijana wa leo huenda akauliza: ya nini taabu yote hiyo, na mbegu ukizibana tu zatoa mafuta? Jibu halikupatikana katika vitabu mpaka mwaka 1888, ambapo mwanafunzi wa udaktari Hermann Stillmark, katika chuo kikuu cha mji wa Dorpat, ambao siku hizi huitwa Tartu, aliitenga sumu iliyomo katika mbegu na kuipa jina la risini. Risini ni protini. Huyeyuka katika maji wala haiyeyuki katika mafuta, na moto mkali huiharibu. Basi yule bibi aliyekaanga na kuchemsha alikuwa akiivunja sumu kwa moto, na kuiacha katika maji na mashudu iliyosalia. Hakulijua jina la risini, lakini alijua kwamba hatua hata moja haifai kurukwa. Kwa maoni yetu elimu yenyewe ilikuwa katika utaratibu huo kuliko katika mti. Anayeurithi mti akauacha utaratibu amerithi sumu, sumu ile ile iliyomuua mwandishi Georgi Markov wa Bulgaria mjini London mwaka 1978.

Katika kunywewa na kupakwa, kupakwa ndiko kulikokuwa na nafasi kubwa katika maisha ya watu wetu. Wakikuyu waliyachanganya mafuta haya na udongo mwekundu wakajipaka mwilini, na kwayo walilainisha mavazi ya ngozi. Yalipakwa nyweleni, yalipakwa kwenye nyayo zilizopasuka, yaliwaka katika taa. Matumizi hayo ya nje hayana madhara makubwa, isipokuwa kwa wachache ambao ngozi zao huyakataa.

Wakati wa ukoloni mafuta yalirudi kwetu kwa sura nyingine, katika chupa, yakiwa meupe na yamesafishwa. Huko Uingereza ilikuwa desturi kuwanywesha watoto kijiko kila mara "kusafisha tumbo", hata kama hawaumwi, na desturi hiyo ikaenea katika makoloni. Wapo wazee ambao mpaka leo wakisikia jina la mafuta haya hukunja uso. Adhabu na dawa zilikuwa zimekaribiana mno, na huko Italia katika miaka ya 1920 wafuasi wa Mussolini waliondoa kabisa mpaka baina yake: waliwashika wapinzani wao na kuwanywesha mafuta haya kwa nguvu, ili kuwaaibisha, na wako waliokufa. Jambo hili latuonyesha jinsi kitu kinachoitwa dawa kinavyoweza kukausha maji ya mwili wa binadamu kikizidishwa.

Hebu tutazame jinsi yanavyofanya kazi. Mafuta yakifika katika utumbo mwembamba huvunjwa, na asidi ya risinoleiki hutoka. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba asidi hiyo hugusa mahali maalumu katika misuli ya utumbo na kuifanya ijibane, na kwamba misuli ya mji wa mimba nayo ina mahali pa namna hiyo hiyo. Mtu mzima aliyefunga choo hunywa baina ya mililita 15 na 60 kwa mara moja, na choo hufunguka baada ya saa 2 hadi 6. Kwa kazi hiyo, na kwa mara moja moja, mafuta yaliyosafishwa na kuuzwa dukani yamekubaliwa kuwa ni salama. Kuyanywa kila siku ni jambo jingine: utumbo huzoea kusukumwa, na maji na chumvi za mwili hupotea.

Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana sababu asiyanywe kamwe, kwa kuwa huenda ni kidole tumbo, na kukisukuma ni kukipasua. Mtoto mchanga naye asipewe. Huyo hukaukiwa maji upesi kuliko mzazi wake anavyoweza kutambua. Kuhusu mja mzito maneno ni mengi zaidi. Tangu zamani wakunga wa nchi nyingi wameyatumia mafuta haya kuleta uchungu, na tumekwisha kuona kwamba hawakubuni tu, kwa sababu mji wa mimba huyasikia. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio 3 ya wanawake 233, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba njia hiyo yafaa. Kilichoonekana wazi ni kwamba wanawake wote walioyanywa walipata kichefuchefu. Mimba ikiwa bado changa, hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mama mkwe na amwache mkwewe aende kliniki.

Siku hizi yamezuka madai mapya kwamba mafuta haya yakidondoshwa jichoni huondoa mtoto wa jicho, na yakipakwa kitovuni husafisha damu. La kitovu tutalipita. La jicho latutia hofu, maana mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani ya lenzi ya jicho, na hakuna tone liuondoalo. Huondolewa kwa upasuaji. Mzee anayesubiri mafuta yamponye hupoteza miezi yake ya kuona, na chupa ya jikoni haikutengenezwa kwa usafi unaotakiwa na jicho.

Limebaki suala la mbegu zenyewe, ambazo watoto huzipenda kwa uzuri wake na huzichezea. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu huenda likapita salama. Ikitafunwa, chache tu zaweza kumuua mtoto. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa kadhaa, na wakati huo wazazi wengi hudhani ni chakula kibovu. Mpaka leo risini haina dawa ya kuifuta. Waganga husaidia mwili tu, kwa maji na uangalizi, na mgonjwa anayewahi kufika hupona kwa urahisi zaidi. Mtoto akionekana ametafuna, asisubiriwe atapike. Apelekwe hospitali, na mbegu zilizobaki zichukuliwe pamoja naye, ili mganga atambue kama ni za mbarika au za mbono kaburi.