Ukumbi wa Nkrumah, Mlimani

Kabla sarafu haijachukua nafasi yake, noti ya shilingi 500 ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanaukumbuka kwa mahafali. Mimi nauheshimu kwa mabishano.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka mjini. Umbali ule uliwafanya vijana wale, walale na wasome pamoja, na hoja iliyoanzia darasani ikaendelea hadi usiku.

Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye, na chuo hakikuwa tena kile cha mwanzo. Mwaka 1967 wanafunzi, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wao, waliunda USARF, chama cha wanamapinduzi wa Kiafrika. Walijisomesha siku za Jumapili masomo ambayo hayakuwa na mtihani, wakaenda kuona maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO nchini Msumbiji, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche. Walter Rodney, mhadhiri kutoka Guyana, alikuwa pamoja nao. Ni katika Cheche ambamo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa matabaka Tanzania, mwaka 1970. Kabla mwaka huo haujaisha, chama na jarida vyote vikapigwa marufuku.

Hapo ndipo ninapowalaumu watawala: serikali iliyohubiri ujamaa iliwanyamazisha vijana walioushika ujamaa kwa dhati kuliko viongozi wengi. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu ya wakubwa, wakafukuzwa. Jumuiya yao, DUSO, nayo ikaondolewa. Mwaka 1990 chuo kizima kilifungwa. DARUSO, jumuiya ya wanafunzi ya leo, ilizaliwa baada ya hapo.

Ukumbi wenyewe haukuweza kufutwa kwa tangazo. Kigoda cha Mwalimu cha Umajumui wa Afrika kilipoanzishwa, Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza, matamasha yake yalifanyika humo humo, na wanafunzi wakasimama kuuliza maswali kuhusu ardhi, madini na nani anafaidi.