Sehemu ya 4: Ndege ya usiku, Nungwe 1935

Watoto wakishalala, someni taratibu. Leo tunabaki hukuhuku kwetu, ila tunarudi nyuma hadi Juni 1935.

Nungwe ninayoisema ni ya Geita, pembeni ya Ziwa Victoria, siyo Nungwi ya Unguja mnakoenda kupiga picha. Enzi hizo Waingereza wanatawala na dhahabu inachimbwa. Mchimbaji mmoja akawa mahututi, daktari wa machimbo hana oksijeni. Ujumbe ukapelekwa Mwanza na mtu wa miguu, kutoka hapo ukaenda Nairobi kwa telegramu. Nyie mliowahi kukaa wodini mtungi ukakata saa nane usiku, mnaelewa kusubiri kwa hivyo kunavyokuwa.

Aliyeitwa ni mwanamke. Beryl Markham, Mzungu aliyekulia Njoro, Kenya, umri miaka 32. Kwa maelezo yake mwenyewe kwenye kitabu alichotoa 1942, alipakia mtungi kwenye ndege ndogo ya injini moja, haina redio, akaruka usiku peke yake.

Watu tunadhani hatari ya ndege iko kule juu. Kumbe shughuli ni kutua. Usiku pasipo taa rubani haoni ardhi iko chini kiasi gani. Mistari miwili ya taa ndiyo inamwambia uwanja unaanzia wapi na yeye yuko juu kiasi gani. Akikosea kidogo tu, magurudumu yanagonga kabla ya uwanja, au anaupitiliza wote. Nungwe hapakuwa na umeme wa uwanja, watu waliwasha moto. Akauona, akashuka, mtungi ukafika.

Msidhani alikuwa na bahati siku zote. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Baada ya saa zaidi ya 20 injini ikakosa mafuta, akatua kwa lazima kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Pua ya ndege ikajichimbia kwenye matope, yeye akatoka na jeraha la kichwa. Rubani yuleyule jamani.

Sasa mimi nikisoma habari hii swali langu ni moja. Usiku uleule, mama wa Kisukuma uchungu umekwama siku ya pili, nani alimtumia telegramu? Machimbo yalikuwa na daktari na ndege. Yeye alikuwa na mkunga wa kijijini, na wanaume wa kumbeba kama wapo.

Imechukua miaka mingi mno. Mfumo wa m-mama ulianza kujaribiwa Sengerema na Shinyanga, hukuhuku, ndipo ukaanza kusambazwa nchi nzima 2022. Unapiga 115, bure. Anayepokea anauliza dalili, anaita gari la wagonjwa. Kama halipo, anamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa jirani na wewe, na nauli analipwa na serikali, siyo wewe. Ni kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga.

Baba, andika 115 kwenye simu yako sasa hivi, usisubiri damu. Sehemu ya 5 Jumapili, naandika nikitoka zamu.